Kuchagua Almasi kwa Mkato na Umbo: Mwongozo Kamili kwa Mnunuzi wa Lubumbashi

Mtu anayeingia duka la sonara hapa Lubumbashi kutafuta pete ya uchumba huulizwa kwanza ameweka dola ngapi, kisha huonyeshwa jiwe na kutajiwa uzito wake kwa karati. Mpangilio huo unamfaa muuzaji kuliko mnunuzi. Almasi hupimwa kwa sifa nne, yaani uzito, rangi, usafi na mkato, na kati ya hizo rangi na usafi jiwe limetoka navyo ardhini, ilhali mkato ni kazi ya mikono ya fundi. Ni mkato unaoamua kama jiwe litarudisha mwanga machoni pa anayelitazama au litaumeza. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mkato na umbo, na karati inakuja baadaye.

Kabla ya hatua yenyewe ya kwanza, kuna onyo ambalo kwa mji wetu haliwezi kuachwa. Reli inayotoka Lubumbashi inapita Kamina na Mwene-Ditu kuelekea Kananga, na tangu zamani watu wa Kasai wameishi nasi, wakifanya kazi na kufanya biashara. Kwa sababu hiyo si ajabu mtu kuletewa jiwe ghafi limefungwa kwenye karatasi na kuambiwa kwamba limetoka Mbuji-Mayi, mji wa almasi wa Kasai. Usilinunue. Sheria ya madini ya Kongo inaruhusu biashara ya almasi ghafi kwa wenye kibali tu, na tangu 2003 almasi ghafi haivuki mpaka wa nchi bila cheti cha Mchakato wa Kimberley, yaani mpango wa kimataifa wa kuzuia almasi zinazogharimia vita. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya almasi ya Kasai ni ya matumizi ya viwandani, ya kukatia na kusagia, nayo haiwezi kuwa kito hata ikikabidhiwa fundi hodari kuliko wote. Mwongozo huu unahusu almasi iliyokwisha kukatwa na kung'arishwa.

Hatua ya kwanza: tenganisha umbo na mkato

Umbo ni sura ya jiwe likitazamwa kutoka juu: mviringo, mraba, yai, tone la maji, moyo. Mkato ni jinsi nyuso zake ndogo zilivyopangwa, kwa pembe gani, kwa uwiano gani, na kwa usafi gani wa kazi. Almasi mbili za mviringo zenye karati moja kila moja zinaweza kufanana kwa umbo, lakini moja ikawa inawaka na nyingine imefifia. Umbo ni suala la kupenda, na hakuna anayeweza kukubishia. Mkato una vipimo, na hapo muuzaji anaweza kuulizwa maswali.

Jifunze pia majina ya sehemu za jiwe, maana utayahitaji dukani. Uso mpana wa juu, ulio bapa, ni meza. Mteremko unaozunguka meza ni taji. Ukingo mwembamba unaogawa jiwe juu na chini ni mshipi. Sehemu yote iliyo chini ya mshipi, inayochongoka hadi ncha, tutaiita kitako. Almasi ya mviringo ya kisasa ina nyuso 57, au 58 ikiwa ncha ya chini nayo imesawazishwa.

Hatua ya pili: fahamu njia ya mwanga

Almasi hupinda mwanga kwa nguvu kuliko karibu vito vyote vya asili. Kipimo chake cha kupinda mwanga ni 2.42, wakati cha maji ni 1.33 na cha kioo cha kawaida ni karibu 1.5. Matokeo yake ni kwamba mwanga ulioingia ndani ya almasi hautoki kirahisi. Ukigonga uso wa ndani kwa pembe inayozidi nyuzi 24.4, ukihesabu kutoka mstari uliosimama wima juu ya uso huo, hauwezi kupenya. Hurudishwa ndani kama unavyorudishwa na kioo. Fundi mzuri hutumia sifa hiyo. Hupanga nyuso za kitako ili mwanga ulioingia kwa meza ugonge upande mmoja, uruke hadi upande wa pili, kisha utoke juu, kuelekea jicho la mtazamaji.

Kitako kikiwa kifupi mno, mwanga hupita chini na kupotea. Jiwe huonekana kama maji, na ndani ya meza hutokea pete ya kijivu, ambayo ni taswira ya mshipi. Mafundi huliita jicho la samaki. Kitako kikiwa kirefu mno, mwanga hutokea upande usiofaa, na katikati ya jiwe huonekana giza kama kichwa cha msumari. Kasoro hizi mbili hazirekebishiki kwa kusafisha wala kwa pete nzuri. Dawa yake ni moja tu, kulikata jiwe upya na kukubali lipungue uzito.

Mnamo 1919 Marcel Tolkowsky, aliyetoka katika familia ya wakataji almasi wa Antwerp, alichapisha hesabu za pembe zinazolipatia jiwe la mviringo mng'ao mwingi pamoja na rangi za upinde wa mvua. Alipata meza yenye upana wa asilimia 53 ya kipenyo, taji lenye pembe ya nyuzi 34.5 na kitako chenye pembe ya nyuzi 40.75. Mafundi wa leo hawafuati namba hizo neno kwa neno, hasa kwa upande wa meza, ambayo siku hizi hukatwa pana zaidi kidogo, lakini pembe zake mbili bado ndizo nanga ya kazi.

Hatua ya tatu: soma cheti, usiishie kwenye neno moja

Omba cheti cha maabara inayojulikana. GIA ya Marekani, HRD ya Antwerp na IGI ndizo zinazotajwa zaidi kwa wafanyabiashara wetu. Tangu mwanzo wa 2006 vyeti vya GIA vimekuwa na daraja la mkato kwa almasi ya mviringo, kwa ngazi tano, kuanzia bora kabisa hadi duni. Ukipata ngazi ya juu, umepata mwanzo mzuri, lakini usitosheke na neno hilo peke yake, kwa sababu ndani ya ngazi hiyo kuna nafasi kubwa, na jiwe lililoingia kwa kubahatisha linauzwa kwa jina lile lile na lililo katikati ya shabaha.

Shuka hadi kwenye mchoro wa jiwe ulio kwenye cheti na utafute namba nne. Meza iwe kati ya asilimia 54 na 58. Kina cha jiwe zima kiwe kati ya asilimia 59 na 62.5. Pembe ya taji iwe karibu na nyuzi 34 hadi 35, na pembe ya kitako iwe kati ya nyuzi 40.6 na 41. Mimi huikagua pembe ya kitako kwanza, kwa sababu ndiyo inayoumiza zaidi ikikosewa. Nusu nyuzi tu kupita kiasi inaonekana kwa macho. Taji na kitako pia husaidiana: taji likiwa na mteremko mkali kidogo, kitako kinatakiwa kiwe na mteremko mdogo kidogo, na kinyume chake. Jiwe lenye taji kali na kitako kikali kwa pamoja liache, hata kama kila namba peke yake inavumilika.

Mshipi nao una maelezo yake kwenye cheti. Ukiwa mwembamba sana, jiwe linaweza kumeguka fundi anapolibana kwenye pete. Ukiwa mnene sana, umebeba uzito usioonekana. Ung'arishaji na ulinganifu viwe katika ngazi mbili za juu. Chini ya hapo tafuta jiwe lingine.

Hatua ya nne: geuza karati kuwa milimita

Karati moja ni gramu 0.2, na uzito huo unaweza kufichwa chini ya jiwe ambako hakuna atakayeuona. Wakataji wanajua kwamba bei hupanda kwa kuruka pale uzito unapofika 0.50, 1.00, 1.50 na 2.00, na wengine huacha kitako kirefu au mshipi mnene ili tu jiwe lisishuke chini ya namba hizo. Kwa hiyo uliza kipenyo.

Almasi ya mviringo ya karati 1 iliyokatwa vizuri ina kipenyo cha milimita 6.4 hadi 6.5. Ya karati 0.50 ina karibu milimita 5.1, na ya karati 2 ina karibu milimita 8.1. Unaweza kufanya hesabu mwenyewe kwa simu yako: zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa kina, vyote kwa milimita, halafu zidisha kwa 0.0061. Jiwe la milimita 6.45 lenye kina cha 3.97 linatoa karibu karati 1.01, na kina chake ni asilimia 61.5 ya kipenyo. Hilo ni jiwe lililopangwa kwa akili. Sasa chukua jiwe lingine la karati 1.00 lenye kipenyo cha milimita 6.2. Ili lifikishe uzito huo, kina chake lazima kifike karibu milimita 4.26, yaani karibu asilimia 69. Likivaliwa kidoleni linaonekana sawa na jiwe zuri la karati 0.90, na katikati yake kuna hatari ya giza. Umelipia karati nzima na umevaa pungufu.

Hapo pia ndipo mnunuzi mwenye bajeti ndogo anapopata nafasi yake. Jiwe la karati 0.90 hadi 0.95 lenye mkato wa juu linauzwa kwa bei ya chini ya kile kizingiti cha karati moja, na hakuna mgeni wa harusi atakayeona tofauti ya upana.

Hatua ya tano: litazame jiwe nje ya taa za duka

Taa ndogo kali zinazoning'inia juu ya meza ya sonara hufanya hata kioo cha chupa kimetemete. Mwombe muuzaji kwa heshima: «Papa, niruhusu nilitazame jiwe hili karibu na dirisha.» Muuzaji mwaminifu hatakataa, na anaweza kukufuata hadi mlangoni, jambo ambalo ni haki yake. Akikataa kabisa, umepata jibu.

Lakini kwanza lisafishwe. Almasi inapenda mafuta kiasi kwamba migodi imetumia meza zilizopakwa grisi kuinasa almasi kutoka kwenye mchanga na maji. Pete iliyopita mikono ya wateja wengi huwa na utando wa mafuta chini ya kitako, na utando huo huiba mwanga. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini vinatosha.

Kisha lishike jiwe kwa kibanio, au pete kwa vidole viwili, umbali wa sentimita 25 hadi 30 kutoka machoni, kwenye mwanga wa kivuli: barazani, chini ya mti, au dirishani saa ambazo jua haliingii moja kwa moja. Kivuli ndicho mtihani mgumu kuliko yote. Jiwe lililokatwa vizuri huendelea kuwa jeupe na hai kutoka ukingo hadi ukingo. Lililokatwa vibaya hugeuka kijivu katikati au hufifia pembeni. Litikise polepole. Mabaka meusi na meupe yanatakiwa kubadilishana nafasi kwa haraka, na kila baka jeusi liwe limegeuka jeupe baada ya mwendo mdogo. Giza linalobaki mahali pamoja hata ukilizungusha jiwe ni mwanga uliopotea.

Baada ya kivuli, toka kwenye jua. Jua kali la Lubumbashi wakati wa kiangazi halionyeshi weupe vizuri. Jiwe linaweza hata kuonekana jeusi kwa sababu mwanga umetoka upande mmoja tu. Linachoonyesha ni moto wa jiwe, yaani vipande vya rangi nyekundu, buluu na manjano vinavyoruka. Vipande vichache vikubwa vyenye rangi nzito ni dalili nzuri. Ukiona upinde wa mvua umejaa kila mahali bila kupumzika, shuku kwamba jiwe ni moisanaiti, jiwe la maabara linalofanana na almasi, ambayo hutawanya rangi zaidi ya mara mbili ya almasi. Chukua lupa inayokuza mara 10 na uchungulie kwa mshazari kupitia taji: katika moisanaiti mistari ya nyuso za chini huonekana miwili miwili, na katika almasi huonekana mmoja mmoja.

Lupa hiyo hiyo itakuonyesha ulinganifu. Katika jiwe la mviringo lililosawazishwa, ukitazama wima juu ya meza, utaona mishale minane ya giza iliyonyooka kutoka katikati, yote ikiwa na urefu sawa. Mishale iliyopinda au iliyokosa mwenzake inamaanisha nyuso za taji na za kitako hazikukutana vizuri.

Kwa anayenunua kupitia ndugu aliyeko Dubai, Johannesburg au Antwerp, picha za simu hazitoshi. Mwombe arekodi video ya jiwe kwenye kivuli, akiliinamisha polepole pande zote, bila taa ya duka na bila kuikuza, kisha akutumie namba ya cheti ili uihakikishe kwenye tovuti ya maabara yenyewe.

Hatua ya sita: chagua umbo ukijua mtego wake

Umbo la mviringo ndilo lililofanyiwa hesabu nyingi zaidi, ndilo linalorudisha mwanga vizuri kuliko yote, na ndilo ghali zaidi kwa karati, kwa sababu kwa kawaida fundi hupoteza zaidi ya nusu ya jiwe ghafi ili kulipata. Mtu asiyetaka wasiwasi achague hilo.

Maumbo mengine yanahitaji macho zaidi, kwa kuwa vyeti vya GIA vimezoea kuyatajia ung'arishaji na ulinganifu bila kuyapa daraja la mkato. Hapo namba hazikulindi. Unabaki wewe na kivuli cha baraza.

Yai, tone la maji na mashua yenye ncha mbili yana mtego mmoja: giza lenye sura ya tai ya kipepeo linalokatisha katikati ya jiwe. Karibu kila jiwe la maumbo haya lina tai hiyo kidogo, na kidogo hakidhuru, kwa sababu humpa jiwe mchezo wa mwanga na kivuli. Kataa ile inayoonekana kwa mtu aliyekaa upande wa pili wa meza na isiyoondoka jiwe linapoinamishwa. Kisha gawanya urefu kwa upana. Yai linapendeza kati ya 1.35 na 1.50, tone la maji kati ya 1.45 na 1.75, mashua kati ya 1.75 na 2.25. Maumbo haya marefu huonekana makubwa kuliko mviringo wa uzito huo huo na hurefusha kidole kifupi, nami nayapendekeza bila kusita kwa anayetaka ukubwa kwa fedha chache. Angalia pia mabega ya tone: upande wa kushoto na wa kulia ushuke kwa mpindo ule ule, na ncha iwe kwenye mstari mmoja na katikati ya jiwe.

Tone la maji linastahili kutajwa na Mkongo kwa fahari. Mwaka 1990 katika eneo la Mbuji-Mayi lilipatikana jiwe ghafi la karati 777, na baada ya miaka ya kazi likatokea tone la karati 203.04, lisilo na doa wala chembe ya rangi, lililoonyeshwa kwa ulimwengu mwaka 1999 kwa jina la Millennium Star. Karibu robo tatu ya uzito wa lile jiwe iliachwa njiani. Jiwe lingine la Mbuji-Mayi, la karati 890, lililookotwa na msichana kwenye rundo la mabaki ya mgodi mwaka 1984, lilikatwa likabaki na karati 407.48, likiwa na umbo lisilo la kawaida la pembe tatu. Ukubwa wake ni wa ajabu, lakini kwa ukamilifu wa sura lile tone dogo linalizidi mbali.

Mstatili wenye kona zilizokatwa, ambao wengi huuita wa zumaridi, na mraba wa Asscher uliobuniwa Amsterdam mwaka 1902, hukatwa kwa nyuso ndefu zilizopangwa kama ngazi. Haya hayametimeti, yanatoa miale mipana na tulivu. Meza yao pana ni dirisha lililo wazi, na kila doa la ndani litaonekana, kwa hiyo ongeza ngazi moja au mbili ya usafi kuliko ambayo ungekubali kwa mviringo. Mistari ya ngazi ilingane kabisa na kingo. Mstari mmoja uliokwenda upande utakusumbua macho kila siku.

Mraba wenye kona kali huhifadhi sehemu kubwa ya jiwe ghafi, na ndiyo maana bei yake ni nafuu, lakini kona zake humeguka. Mto, yaani mraba wenye kona za mviringo, una aina nyingi kiasi kwamba ni lazima uuone kwa macho. Moyo ununuliwe tu ukiwa mkubwa wa kutosha. Chini ya nusu karati mfereji wake wa juu hauonekani.

Rangi nayo hukusanyika kwenye ncha za maumbo marefu, hivyo jiwe lenye umanjano kidogo, ambalo kwa mviringo lingepita bila kuonekana, huonyesha umanjano huo pembeni likiwa tone au mashua. Dhahabu ya njano huusitiri. Dhahabu nyeupe na platini huutangaza.

Hatua ya saba: pete, risiti na ukaguzi wa mwisho

Kona na ncha zote kali zifunikwe na kucha za pete, yaani vijino vinavyolishika jiwe, ikiwezekana zenye umbo la herufi V, na anayefanya kazi za mikono aombe pete isiyoinua jiwe juu sana. Almasi ni ngumu kuliko vitu vyote vya asili kwa kukwaruzwa, lakini pigo moja kwenye ukuta wa saruji kwa upande mbaya linaweza kuipasua.

Kabla ya kukabidhi jiwe kwa sonara wa kulipachika, litazame kwa lupa ukiwa naye, mkubaliane doa liko wapi, na mwandike kwenye risiti uzito, vipimo vitatu kwa milimita na namba ya cheti. Mawe mengi yenye cheti yamechorwa namba hiyo kwa leza kwenye mshipi, kwa herufi ndogo zinazosomeka kwa lupa mwanga ukija kutoka pembeni. Mwombe sonara asiifunike kwa kucha. Siku ya kuchukua pete, isome namba hiyo tena, angalia kona moja baada ya nyingine kama hakuna iliyomeguka wakati wa kubanwa, na igonge pete taratibu karibu na sikio. Jiwe likisikika likicheza, lirudishwe kwa fundi papo hapo, kabla hujamaliza kulipa.